Mama Sekretere na Mechi za Radi

Kulikuwa na njia moja ya uhakika ya kumfanya Mama Sekretere aache kichwa cha mteja katikati ya kusuka: kutaja matokeo ya mechi ya Radi na kuyakosea. Niliiona wiki ileile nilipoanza kukodi upande mmoja wa duka lake pale mtaa wa Albert Park, Durban, Afrika Kusini, mwaka 2008, mimi na meza yangu ya kutengeneza simu, yeye na viti vyake na kikaushio cha nywele kilichonguruma kama gari bovu. Mwanaume mmoja aliyekuwa anamsubiri mkewe alisema, kwa raha zake, kwamba Radi walichukua kombe la jimbo kwa kuwafunga wapinzani tatu kwa moja.

Mama akasimama, kitana mkononi.

"Tatu? Ile ya tatu uliiona wapi?"

"Mama, mimi nilikuwa uwanjani."

"Basi uliangalia mupira ya kwako peke yako. Mbili kwa moja. Ya kwanza kichwa, kona ya upande wa hospitali. Ya pili penalti. Na ile moja yao, mushika kibendera alikuwa amelala."

"Lakini watu wote wanasema tatu."

"Batu wote hawakupiga ile ripoti kwa mashine. Nilipiga mimi."

Yule bwana alitoka nje kuvuta hewa, na mkewe, mwenye nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alicheka mpaka akashika kiti.

Radi ilikuwa timu ya mpira wa miguu ya mji wao wa kando ya ziwa, mashariki mwa Congo. Ilikuwa timu ya kulipwa kwelikweli: wachezaji walipata mshahara kutoka kiwanda cha saruji, na kiwanda kilipofunga mlango, timu nayo ilianza kukohoa. Mama alikuwa katibu wa kamati yake tangu akiwa binti mpaka vita vilipomtoa. Yeye ndiye aliyepiga taipu ripoti za mechi, leseni za wachezaji, na barua za kulalamika kwa shirikisho, ambazo alisema ndizo zilizomfundisha Kifaransa kizuri. Ofisi iliungua na kila kilichokuwemo. Juu ya moto huo sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya sentensi moja: "Karatasi iliungua, mimi sikuungua."

Mimi natoka Uvira, na timu yetu na Radi hazikuwa marafiki. Mama alipolijua hilo alichora mstari kwa chaki sakafuni, kutoka mlangoni mpaka ukutani, akaniambia upande wangu ni wa wageni. Mteja wangu akivuka mstari kuomba kiti, alilazimika kwanza kukubali kwamba Radi ilikuwa bora kuliko sisi. Wengi walikubali, hasa wenye viatu vya kubana.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani iliyofungwa kamba na isiyokaa puani hata siku moja. Alipokuwa anakumbuka mechi mikono yake iliongeza kasi, na wasichana waliosukwa naye walijua kuombea asifike kwenye fainali, kwa sababu huko ndiko nywele zilikovutwa. Hakupenda kuitwa msusi. "Nasuka, lakini mimi ni sekretere," alisema, kama mtu anayesema ananyeshewa lakini hakai mvuani.

Jambo lililonichukua muda kuelewa ni kwamba hakupenda kutazama mpira. Mwaka wa Kombe la Dunia, jiji zima lilipokuwa linapuliza vuvuzela, tulibeba televisheni dukani na kuiweka juu ya friji ya soda. Mama aligeuza kiti chake akakaa akiipa mgongo. Alitutazama sisi. Siku ile penalti ya timu ya Afrika ilipogonga mwamba, sote tukashika vichwa, yeye alikuwa ameshajua kabla ya mtangazaji kumaliza.

"Mama, wewe umejuaje?"

"Sura zenu. Wakati wa mechi nilikuwa nakaa benchi, naangalia batu. Mupira unakudanganya. Batu wanne wanaruka, unasema ni huyu amefunga. Mimi naangalia nani anakimbia akicheka na nani anamukimbilia. Aliyefunga banamukimbilia."

Ukweli wake haukuwa na upendeleo, na hilo lilimletea maadui ndani ya mashabiki wenyewe. Pale Albert Park palikuwa na chama cha mashabiki wa Radi, wanaume watu wazima waliokutana Jumapili baada ya ibada, na walipenda sana kusimulia miaka ya ushindi. Mama aliwakumbusha mwaka wa kushuka daraja. Aliwakumbusha siku kipa alipoondoka golini kwenda kununua sigara. Na lile kombe walilolipenda kuliko yote, walilolishonea hata vitambaa, alilitaja kwa jina lake mwenyewe: kombe la mbuzi.

"Mwamuzi alilala kwa nani siku ile?" aliwauliza. "Kwa prezida wetu. Alikula nini? Mbuzi. Nusu ingine alienda nayo nyumbani. Alors, lile kombe iko na mbuzi ndani."

"Mama, unatuharibia historia!"

"Mimi? Mimi sikula."

Kulikuwa na shemasi mmoja, mtu mwenye suti, aliyejitambulisha kila mahali kuwa aliwahi kuwa makamu wa prezida wa Radi. Siku moja alikuja dukani na wageni kutoka Johannesburg akajitambulisha hivyo mbele ya Mama. Mama alimtazama kwa upole kabisa. "Papa, ulikuwa mjumbe wa vinywaji," akasema. "Na ulifanya kazi mzuri sana. Hatukuwahi kukosa maji." Shemasi hakurudi tena. Mkewe aliendelea kuja, akisema mumewe asijue.

Watu walimwogopa na walimpenda. Mzozo wowote wa mechi ulipozuka barabarani au ndani ya taxi, mwishoni mtu alisema, twendeni kwa Mama Sekretere, na wakaja kweli, saa yoyote ya kazi, wakisimama kwenye mstari wangu wa chaki kama watu mahakamani. Neno lake lilikuwa la mwisho. Ndiyo maana lile lililotokea mwaka 2011 lilikuwa na uzito ambao sisi wengine hatukuuona.

Alifika mtu kutoka Zambia, mrefu, mwenye miaka arobaini na kitu, mcheshi, mwenye mke na mtoto mchanga wa kike. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa na jina la kuzaliwa la Mshale, na ilikuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo. Mshale lilikuwa jina la utani, la mbio zake; lakini hata lile la kwenye karatasi hakuna shabiki wa Radi asiyelijua. Alikuwa winga wao wa kushoto, mfungaji bora wa historia ya timu, mtu aliyewapita mabeki kama wamesimama kusubiri basi. Wengine walikuwa wamesikia kwamba alikufa vitani. Wengine waliapa wamemwona Lusaka. Sasa huyu hapa, na sura ni ile, ingawa waliomwona Mshale walimwona kutoka jukwaani, na miaka ilikuwa imepita mingi.

Wakamleta dukani. Waliingia kama kumi, mwenyekiti wa chama mbele, yule mgeni katikati yao akitabasamu bila kuonyesha meno.

"Mama," mwenyekiti akasema, "tunataka neno yako. Huyu ni Mshale, ao si Mshale?"

Mama alikuwa anampaka msichana mmoja dawa ya nywele. Alipandisha miwani puani, kitu ambacho sijamwona akikifanya kabla wala baada, akamtazama yule mtu kwa muda mrefu. Yule mtu naye akamtazama.

"Mama yako iko muzima?" Mama akamuuliza.

"Alifariki, Mama. Tukiwa kambini."

"Pole sana." Kisha akavua miwani. "Karibu, Mshale. Umechelewa mazoezi."

Vifijo! Walimbeba mabegani mpaka kwenye robot, taa za barabarani za kona, magari yakipiga honi. Ndani, msichana mwenye dawa kichwani akaanza kulia kwamba inamchoma, na Mama alikuwa amesimama tu, brashi mkononi, anatazama mlango.

Kwa neno hilo moja maisha ya yule mtu yalinyooka. Chama kilimfanya kocha wa timu yao ya Jumapili. Mtu akamwambia mtu, na shule moja ya Westville ikamchukua kufundisha mpira watoto wake. Alikuwa mwalimu mzuri kweli, mvumilivu. Alivaa filimbi shingoni na sijawahi kuisikia ikilia. Yeye mwenyewe hakucheza. Alisema goti. Watu walipomsukuma aonyeshe hata chenga moja, Mama alikemea kutoka kwenye kiti chake: "Muache magoti ya batu."

Na kila Jumatatu mchana, siku ambayo saluni haina wateja, Mshale alikuja. Alikaa kwenye kiti kilicho chini ya kile kikaushio, Mama akaketi mbele yake, wakaongea kwa sauti ya chini. Upande wangu wa wageni sikusikia neno. Niliona tu mikono ya Mama ikienda huku na huku hewani, na yule bwana akiinama mbele, viwiko juu ya magoti. Mara nyingine alicheka. Siku moja alifunika uso kwa kofia yake akakaa hivyo mpaka nikageukia simu zangu.

Albert Park ni maghorofa yaliyobanana, na maneno hupanda ngazi haraka kuliko watu. Haukupita mwezi wanawake wakawa wanasema Mama Sekretere amepata kijana. Nilimwambia. Nilidhani atasimama na kitana chake kama kawaida na kusahihisha.

"Banasema?" akauliza.

"Wanasema, Mama."

"Basi baseme."

Nilishangaa kuliko kama ningemwona ananunua tiketi ya uwanjani.

Mke wa Mshale alikuja siku ya Ijumaa, duka limejaa, mtoto mgongoni. Hakusalimia.

"Mama, mie nakuheshimu kama mama yangu. Bwana wangu anafanya nini hapa kila Jumatatu?"

Mama akaendelea kusuka.

"Nakuuliza wewe! Mtu mzima, mjane, huoni haya? Unataka kunivunjia nyumba?"

Wateja wote walikuwa wanatazama vioo, kwa sababu ndani ya kioo unaweza kumwona mtu bila kumtazama. Mama angeweza kusema jambo moja tu na aibu yote ikamrudia yule mwanamke. Nililijua hilo baadaye. Siku ile nilimwona anaweka kitana chini, anafuta mikono, uso wake umekuwa mzito.

"Mutoto yangu," alisema, "sina kitu ya kukujibu mbele ya batu. Unitukane kama unataka. Jumatatu kuya na yeye. Ukae na sisi."

Yule mwanamke alimtukana kweli, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, akaondoka. Lakini Jumatatu alikuja na mumewe. Walikaa watatu. Alipotoka alikuwa amevimba macho, na mlangoni alimshika Mama mikono yote miwili akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kama mtu anayeomba baraka. Toka siku ile ukimsema Mama mbele ya mwanamke yule ulijitafutia ugomvi. Hakumweleza mtu sababu.

Kitu cha pili kilichonitatiza kilitokea uwanjani. Jumapili moja timu ilipungukiwa mtu, magoli yakiwa sawa, na Mshale, goti au si goti, akavua filimbi akaingia. Mpira ulimfikia karibu na boksi. Hakukimbia, hakupiga chenga. Alitazama tu, akaupiga kwa mguu wa kulia, taratibu, ukaingia pembeni kama mtu anayerudi kwake. Tukamrukia wote. Ni njiani kurudi ndipo fundi mmoja wa magari aliposema, "Lakini Mshale tangu lini anatumia kulia? Mguu wa kulia aliutumia kupanda basi tu."

Nilimpelekea Mama swali hilo kesho yake. Mama ambaye aliweza kukwambia kona ilipigwa kutoka upande gani enzi ambazo sikuwa nimezaliwa.

"Mutu anazeeka," alinijibu, "miguu inabadilika."

Halafu akawasha kikaushio, ingawa hakuna kichwa kilichokuwa chini yake.

Mshale aliugua mwaka 2014, mapafu. Alikwenda haraka. Chama kilisimama naye vizuri, hospitali na mazishi, na hata wale watoto wa shule ya Westville waliletwa na wazazi wao makaburini wakiwa na sare zao, wamesimama mstari mmoja, wengine wanalia waziwazi. Mchungaji alipomaliza, mwenyekiti alisema historia ya marehemu itasomwa na mtu mmoja tu anayeijua. Mama akasogea mbele. Hakuwa na karatasi.

Alianza na mechi ya kwanza ya Mshale katika timu ya wakubwa, alipoingia akiwa na viatu vya kuazima. Akapita msimu kwa msimu: goli la mbali siku ya mvua, yale mawili dhidi ya timu ya kwetu Uvira (akanitazama), mwaka wa kushuka alipokataa kuondoka ingawa timu mbili za mji mkuu zilimtaka. Watu waliitikia kila goli kwa sauti ya chini, ee, ee, kama wanaimba. Alipofika msimu wa mwisho kabla ya vita, akasita. Nilidhani amechoka.

"Iko moja tena," akasema. "Hii haiko kwa ripoti yoyote. Hapa Durban, uwanja wa Albert Park, Jumapili, siku ya Yesu. Mguu wa kulia, chini, upande wa kipa. Hii moja ilikuwa yake kabisa. Muiweke."

Watu walicheka huku wanalia. Mjane, mtoto mkononi, hakucheka. Alimtazama Mama kama mtu aliyelipwa haki yake.

Mwaka uliofuata, vurugu za mwezi wa nne dhidi ya wageni zilipotufungia milango, Mama alihama. Binti yake, muuguzi, alimchukua akakae naye Westville, kwenye nyumba yenye miti na barabara ambazo hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Nilimtembelea baada ya hali kutulia, kwa gari la rafiki yangu, nikiwa na simu yake niliyoitengeneza. Tulikaa barazani tukinywa chai. Alisema kule ni kimya mno, hakuna hata mtu wa kubishana naye. Nikamuuliza. Sijui kwa nini nilingoja miaka yote hiyo. Labda kwa sababu dukani palikuwa na mstari.

"Mama, yule alikuwa nani?"

Hakushtuka.

"Mshale nilimuzika mimi mwenyewe," alisema. "Mimi na mlinzi wa uwanja. Risasi ilimupata akienda kutafuta maji. Barabara ya makaburi ilikuwa na askari, tukamuweka nyuma ya goli. Yule mulimuleta dukani ni mudogo wake. Nilijua mbele hajafungua mudomo, sura ni ya mama yao. Alikimbia na kitambulisho cha kaka, mama yao ndiye alimupa, kwa sababu chake kilipotea. Tangu hapo serikali zote zinamuita vile. Ningesema si yeye, ile neno ingefika kwa ofisi ya wakimbizi kabla ya jioni. Wangemurudisha, na bibi yake, na mutoto."

"Kwa hiyo ulisema uongo."

"Nilisema uongo. Mbele ya batu kumi." Aligeuza kikombe. "Lakini si hiyo ilikuwa ngumu. Jumatatu ya kwanza alikuya, akafunga mlango, akaniambia, Mama, unajua mie si yeye. Kaka yangu iko wapi? Hakujua! Miaka yote ile alikuwa anangoja mutu amuambie kaka yake iko Lusaka. Basi nikamuambia. Nikamuambia na mahali tulimuweka."

Akaendelea kunieleza. Yule mdogo alilelewa kwa bibi yao, mbali na ziwa, na hakuwahi kumwona kaka yake akicheza hata mara moja. Baada ya kulia aliomba kitu kimoja: asimuliwe mechi. Ndiyo zile Jumatatu. Mechi moja, kila kitu, hata hali ya hewa. Zilipokwisha, alimwomba aanze tena.

"Na jina lake yeye?" nikauliza.

Akanitajia. Nilirudia, akanisahihisha matamshi. Silitaji hapa. Mjane na mtoto walishaondoka nchi hii, ndiyo maana nathubutu kusema haya mengine, lakini jina walilolibeba bado ndilo linalowafungulia milango.

"Kwa musalaba iko jina ya kaka," Mama alisema. "Kila siku nikifunga macho naiona. Mimi! Musalaba iko na kosa, na siwezi kuigusa." Akasimama, akachukua kitambaa chake. "Uko na gari ya rafiki yako?"

Nilikuwa nayo. Tulifika makaburini mchana, jua kali, kijana wa manispaa akikata majani kwa mashine mbali kidogo. Mama alisimama miguuni pa kaburi, akanyoosha nguo, akakohoa kidogo. Kisha akalitamka lile jina, jina la yule mdogo, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja. Akalitamka tena. Mara ya tatu yule kijana alizima mashine, akainua kofia, akageuka huku na huku kutafuta ni nani anaitwa.

"Uxolo, baba," Mama akamwomba radhi, kwa Kizulu chake cha sokoni. "Si weye. Endelea na kazi."

Na alisubiri mpaka mashine ikawaka tena, ndipo akanishika mkono turudi kwenye gari.